Wewe ni mpya kwenye timu ya rali: mwongozo kamili wa kuandaa gari mpaka siku ya mbio

Kila kiangazi kikianza hapa Lubumbashi kuna vijana wanakuja garaji wananiambia, yaya, mimi napenda rali sana lakini mekaniki sijasomea, timu inaweza kunipokea? Inaweza. Mimi mwenyewe nilipokelewa nikiwa najua kubadilisha tairi na kubeba bidoni za maji basi, na kazi nilizopewa zile wiki za kwanza njo hizi nitakazokueleza hapa, kuanzia wiki mbili mbele ya mbio mpaka gari irudi nyumbani jioni.

Kitu kimoja ukiweke kichwani toka sasa. Gari ya rali ikisimama njiani, mara nyingi ni bulo (bolti) iliyolegea, ni mpira wa maji uliosuguana na chuma mpaka ukatoboka, ni fishi (plagi) ya waya ambayo haikuingia mpaka mwisho. Hivyo vitu vidogo vinapita kwenye mikono ya mtu mpya, juu wakubwa wameinama kwenye motere na giaboksi, hawana muda. Kwa hiyo usifikiri umepewa kazi za kitoto. Shefu wetu, papa mmoja wa Kamalondo aliyezeeka chini ya magari, alikuwa anatuambia neno moja tu kila asubuhi: "Ukianza kintu, umalize, njo ushike ingine." Mwongozo wangu wote unasimama hapo.

Siku ya kwanza garaji

Fika mapema, salimia kila mtu kwa mkono, kisha uliza shefu ni nani na wewe unapokea amri kutoka kwa nani. Hii ni muhimu kuliko unavyodhani. Pilote (dereva) atakutuma, kopilote (yule anayekaa pembeni yake na kumsomea njia) atakutuma, mwenye gari atakutuma, ndugu wa mwenye gari naye atakutuma, na ukikimbilia kila sauti hutamaliza hata kimoja. Mjibu kila mtu kwa heshima, "ndiyo mukubwa, namalizia hii nakuja", halafu malizia kweli.

Vaa viatu vigumu vya kufunika vidole, suruali ndefu ya pamba (nailoni ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi), vua pete, saa na mnyororo wa shingo. Pete ikigusa plasi ya batiri na chuma cha gari kwa pamoja inakuwa nyekundu kama mkaa, na kidole kiko ndani yake. Nunua vitu vinne vyako mwenyewe: torshi ya kichwa, glavu, daftari dogo na kalamu ya rangi ile ya kuandika kwenye chuma, nyeupe au njano. Haizidi dola chache sokoni, na ile kalamu nitairudia sana.

Halafu jifunze pahali pa kila kle (spana). Siku mbili za kwanza mimi nilipewa kazi ya kusafisha kle na kuzipanga kwenye boksi, 8 mpaka 32, na nilichukia, lakini wiki iliyofuata shefu akinyoosha mkono toka chini ya gari akisema "kumi na saba" nilikuwa namtilia mkononi bila kuangalia. Kwenye asistansi (kituo cha kutengenezea gari katikati ya mbio) ya dakika 30 hiyo ni dhahabu.

Na sheria ya uhai: gari ikiwa juu ya kriki (jeki) peke yake, hakuna mtu kuingia chini. Hata mkono, hata kwa sekunde mbili za kuokota nati. Weka shandeli (miguu ya chuma ya kushikilia gari) kwanza, shusha gari ikalie shandeli, sukuma kidogo uone kama inacheza, njo uingie. Ukiona mkubwa anaingia chini bila shandeli mwambie, kwa adabu lakini mwambie.

Wiki mbili mbele: kufungua na kuangalia

Timu nyingi za huku zinatumia Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, magari ya zamani kidogo lakini piesi zinapatikana na mafundi wanayajua. Wiki hizi mbili wakubwa watafungua amortisere (shokapu), watabadilisha mafuta ya motere, ya giaboksi na ya difa, watapima breki. Wewe utaosha. Na kuosha si kumwagilia maji, kuosha ni kukagua. Kila piesi unayopitisha brashi, iangalie: kuna ufa? kuna mahali rangi imesuguliwa? kuna mafuta yanatoka? Udongo wetu mwekundu unasaidia, juu mafuta yakivuja yanashika vumbi na kufanya doa jeusi, basi ukiona doa jeusi kwenye wekundu usilioshe kwanza, mwite fundi alione. Ukishaosha ushahidi umepotea.

Fuata mipira yote kwa kidole, mmoja mmoja, ya maji, ya mafuta, ya breki, ya turbo. Usiangalie kwa macho tu, kidole kinasikia mahali mpira umekuwa laini au umepasuka upande wa nyuma ambao macho hayafiki. Ukikuta unagusa chuma, weka kipande cha mpira mwingine katikati na ufunge kwa kolie ya plastiki. Waya pia hivyo hivyo.

Mafuta ya breki yanabadilishwa yote, kila mbio, hata kama yanaonekana masafi. Sababu ni kwamba haya mafuta yanakunywa unyevu wa hewani. DOT 4 (aina ya haya mafuta ya breki) ikiwa mpya inatakiwa isichemke mbele ya digrii 230, lakini ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 155, na disiki ya breki kwenye speshali (kipande cha barabara iliyofungwa ambapo magari yanashindana) inapita digrii 400 bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa povu, pedali inashuka mpaka chini, pilote anafika kwenye kona bila breki. Wewe kazi yako itakuwa kukanyaga pedali wakati fundi anafungua kule kwenye gurudumu: anasema "kanyaga", unakanyaga na kushikilia, anafunga, anasema "achia", unaachia polepole. Usiachie mbele hajasema, ukiachia hewa inaingia na mnaanza upya. Na chupa ya DOT ifungwe kila mara, ile iliyobaki wazi toka jana usiimimine.

Vumbi

Hapa nitakaa kidogo juu hapa njo mbio za kwetu zinapopotelea. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, barabara za udongo upande wa Kipushi au Kasenga zinakuwa unga. Asubuhi hakuna upepo, gari moja ikipita vumbi linabaki limesimama hewani kama ukuta, ndiyo maana waandalizi wanaachanisha magari kwa dakika mbili au zaidi. Lile vumbi linaingia kila mahali. Hata magari ya kiwanda yanayoenda Safari Rally kule Naivasha, Kenya, yanawekewa bomba la kuvutia hewa juu ya boneti na pembeni ya kioo sababu ya vumbi laini na maji.

Filtre ya hewa: kuwa nazo tatu angalau, na zibadilishwe kila asistansi, siyo kila siku. Ukiitoa, mbele ya kuweka mpya, funika mdomo wa bomba kwa kitambaa kisafi, na hicho kitambaa kiwe na rangi ya kuonekana na kikubwa kiasi kwamba boneti haiwezi kufungika kikiwa ndani. Kitambaa kidogo cha kijivu kikisahauliwa mle kinavutwa na turbo na motere ndiyo basi. Pangusa nyumba ya filtre kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha pitisha kidole pembeni pale raba inapokalia. Chembe moja ya mchanga pale inaacha njia. Baada ya mbio, ingiza kidole ndani ya bomba upande wa NYUMA ya filtre. Kidole kikitoka chekundu, vumbi limepita, mwambie fundi siku hiyo hiyo.

Ndani ya gari nako funga matundu yote ya sakafu na ya milango kwa skochi (tepu) ile ngumu ya aluminiyamu, angalia raba za milango. Kopilote anasoma noti za njia kwenye daftari huku gari inaruka, akipiga chafya mara moja amepoteza mstari, na kona mbili zimepita bila kusomwa. Radiateri ipulizwe kwa hewa kutoka upande wa motere kwenda mbele, siyo kinyume, vinginevyo unasukuma majani na udongo ndani zaidi. Kama mbio ni za mwezi wa kumi na moja mvua zimeanza, ule ule udongo unakuwa gundi, unajaa ndani ya janti (rimu) mpaka gurudumu linatetemeka, kwa hiyo fimbo ya kukwangulia na bidoni za maji ziwe nyingi.

Bulo na ile kalamu ya rangi

Sasa nieleze ile kalamu. Kila bulo ikishakazwa kwa kle ya kupimia (ile inayopima nguvu ya kukaza), unachora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kichwa cha bulo mpaka kwenye chuma kinachokaliwa. Mstari ukiwa umenyooka bulo haijacheza. Ukikuta mstari umekatika, nusu iko huku na nusu iko kule, bulo imezunguka. Kwa torshi unapita chini ya gari dakika mbili unajua hali ya bulo mia, bila kugusa hata moja. Utachora kwenye mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), amortisere juu na chini, kinga ya chini ya motere, kalipa za breki, mikanda ya viti, viti vyenyewe, shafti.

Lakini mstari ni ahadi. Unachora BAADA ya kukaza, bulo moja moja: kaza, chora, kaza, chora. Usikaze zote kwanza ukisema nitachora mwisho, na usichore kwa bulo ambayo mwingine amekuambia "hiyo niliikaza". Wewe hukuiona.

Nilijifunza hii vibaya. Ilikuwa mbio yangu ya pili, nilikuwa nakaza nati za magurudumu, nimemaliza matatu, la nne nimeingiza nati kwa mkono na kuzifuata kwa kle ya msalaba kidogo, mtu akaniita, leta torshi haraka. Nikaweka kle chini nikaenda. Niliporudi gari ilikuwa imeshushwa, pilote anawasha, na mimi kichwani niliona magurudumu yote yamekaa vizuri, nikanyamaza. Kilomita 12 kwenye liezo (barabara ya kawaida ya kuunganisha speshali) kopilote akasikia mtetemo nyuma kushoto. Walisimama, nati tatu kati ya tano zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Wakazikaza wenyewe, wakafika kituo cha muda wamechelewa dakika 4, na kwa kanuni za FIA (shirikisho la dunia la mbio za magari) kila dakika ya kuchelewa ni sekunde 10, basi sekunde 40 zilikwenda ambazo hazikurudi siku nzima. Hakuna aliyenipigia kelele. Shefu alikuja jioni akanipa ile kle mkononi akasema, kesho magurudumu ni yako tena. Ingekuwa ndani ya speshali, kwa kasi ya 140, leo nisingekuwa naandika hivi.

Toka hapo nafanya hivi, na wewe fanya hivi. Nati za gurudumu zinakazwa kwa mtindo wa nyota, siyo kwa kuzunguka. Kwanza kwa mkono, ziingie zote kwa ulaini. Ikigoma usilazimishe, itoe uipanguse. Halafu kwa kle gari ikiwa bado juu, halafu gari ikishushwa chini unamalizia kwa kle ya kupimia. Kwa Impreza na Lancer namba mara nyingi iko kati ya Nm 90 na 120, lakini ya gari yenu iulize na uiandike kwenye daftari, janti nyingine zinataka tofauti. Gurudumu likiisha unapaza sauti: "Mbele kushoto, tayari!" Mtu akikuita katikati, unasema "nipe nati mbili", unamaliza. Na kama kweli umelazimika kuondoka, basi acha kle imening'inia kwenye nati, isitolewe, mpaka urudi. Gari haiwezi kuondoka na kle inaning'inia bila mtu kuuliza.

Verifikasyo

Mbele ya mbio gari inapelekwa kwa wakaguzi. Wengi wanadhani ni mambo ya motere, kumbe timu nyingi zinarudishwa kwa vitu ambavyo mtu mpya mwenye torshi angeviona wiki moja mbele. Kwa hiyo omba hiyo kazi. Mwambie shefu, papa, acha mimi nisome lebo zote.

Chukua daftari, keti ndani ya gari, soma. Mikanda ina lebo yenye mwaka wa mwisho wa kutumika, ukiwa umepita haijalishi mkanda unaonekana mpya kiasi gani, hautapokelewa. Viti vina lebo, vile vya kanuni ya FIA 8855-1999 umri wake ni miaka 5 toka kutengenezwa. Kaske (helmeti) na kile kifaa cha shingo (HANS), nguo za kuzuia moto, zote zina lebo zake. Vizima moto vinatakiwa kuwa vimekaguliwa si zaidi ya miaka 2 iliyopita, tarehe iko kwenye chupa, na pini ya usafiri itolewe mbele ya gari kuondoka, halafu irudishwe mkimaliza. Visu viwili vya kukatia mikanda, viwe mahali ambapo pilote na kopilote wote wawili wanafika wakiwa wamefungwa. Usiamini macho, wakalishe, wafunge mikanda, waambie wanyooshe mkono. Pembetatu ya kuonyesha hatari, ambayo ikitokea gari imesimama inawekwa angalau mita 50 nyuma. Kibao cha OK upande mmoja na SOS upande wa pili. Pete za kuvutia gari mbele na nyuma, zimepakwa rangi kali. Alama ya bluu yenye radi pale pa kukatia umeme, na herufi E nyekundu pale pa kizima moto cha nje, zisiwe zimefifia.

Kata umeme ujaribu: motere ikiwa inaunguruma, vuta ile swichi ya nje, motere lazima izime. Kuna gari niliiona taa zilizima lakini motere ikaendelea, altaneta ilikuwa inailisha. Isingepita.

Tairi

Hii nitaipitia haraka kidogo. Kwenye udongo janti ni za inchi 15. Andika kwa chaki kila tairi: namba, mahali pake, mshale wa mzunguko. Upepo unapimwa tairi ikiwa baridi na kwa kipimo kimoja tu, cha timu, juu vipimo viwili havikubaliani kamwe. Na hapa kwetu angalia jambo hili: asubuhi ya mwezi wa saba Lubumbashi inaweza kuwa chini ya digrii 10, saa nane mchana imepita 25. Kila digrii 10 zikiongezeka tairi inapanda karibu bar 0.1. Ile uliyoijaza 2.0 alfajiri ikalala juani karibu na kamioneti, mchana siyo 2.0 tena. Ziweke kivulini, chini ya bashi (turubai), na upime tena kila mara mbele ya kuzifunga.

Usiku wa mwisho

Gari imekamilika, sasa kamioneti ya vifaa. Pakia kinyume: kitakachohitajika kwanza kinaingia mwisho. Bashi la chini, kriki, shandeli nne na kizima moto viwe mlangoni. Vitu vya ndani ya gari ya mbio pia vikaguliwe na kufungwa kwa mikanda: tairi ya akiba (wengine wanabeba mbili), kriki, kle ya msalaba, skochi, waya, kolie, maji ya kunywa. Kitu kizito kisichofungwa ndani ya gari inayoviringika ni jiwe. Shika kila kimoja utikise.

Kama kuna nafasi, muombe pilote na kopilote wabadilishe tairi pale uani huku wewe unahesabu kwa simu. Watakataa kwanza, wamechoka, lakini omba. Utaona wenyewe watagundua kriki haifiki au kle imefungwa mahali pabaya, na afadhali wagundue usiku huu kuliko kesho katikati ya vumbi.

Chakula ni lazima mtu mmoja akishike. Kwetu mama mmoja jirani anatupikia bukari na sombe na kapenta, inawekwa kwenye termosi kubwa, na maji lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Mtu mwenye njaa anasahau nati.

Halafu lala. Kweli, lala.

Siku yenyewe

Saa. Weka saa yako sawa na saa rasmi ya mbio, siyo ya simu ya rafiki. Na kwenye timu andikeni saa kwa tarakimu tu, 9:14, 13:40. Ukisema kwa mdomo "saa tatu", mmoja anasikia 9:00 mwingine anasikia 15:00, huku Kongo tunachanganya kila siku, na kwenye rali kuchanganya ni adhabu. Kufika kituoni mapema nako kunaadhibiwa, tena zaidi: dakika moja nzima kwa kila dakika mliyowahi, wakati kuchelewa ni sekunde 10. Kwa hiyo gari ikiwa tayari dakika 5 mbele, inasubiri nje ya kibao cha njano (kinachoonyesha mwanzo wa eneo la kituo), wala msiisukume ndani.

Pale asistansi tandika bashi kwanza kabisa, mafuta hayatakiwi kumwagika chini. Kizima moto mahali pa kuonekana. Esansi (petroli) haiwekwi hapo, kuna eneo lake, na huko hakuna motere kuwaka, hakuna simu, hakuna kusimama bila kazi.

Dakika 30

Gari inaingia. Wewe usiikimbilie. Simama kwenye kona yako. Pilote atazungumza na shefu, sekunde 20 hivi, nyamazeni wote wasikie: "inavuta kulia", "breki inashuka". Ndipo gari inapanda, shandeli nne, magurudumu yanatoka.

Kona yako ni dunia yako. Disiki ina moto, glavu usivue. Ondoa udongo kwa fimbo na brashi, kisha torshi: mistari ya rangi yote imenyooka? raba ya shafti imepasuka? kalipa inavuja? plaketi (pedi za breki) zimebaki unene gani? Sema kwa sauti, hata kama ni kizuri, "nyuma kulia, mistari sawa, raba sawa, plaketi nusu". Shefu anasikiliza kona nne kwa wakati mmoja na ukimya wako yeye hawezi kuusoma. Ukiona kitu hukielewi usikirekebishe, inua mkono. Kifuniko cha radiateri usikiguse kikiwa cha moto, hata ukiambiwa na nani; mvuke wake unaondoa ngozi.

Mtu mmoja, na mara nyingi ni yule mpya, anashika muda: anatangaza "dakika 20... 15... 10". Ikifika 10 magurudumu yanaanza kurudi. Ikifika 5 gari iko chini, nati zinapimwa. Hakuna kuanza kazi mpya ndani ya zile 5, hata kama unaona inawezekana. Vioo visafishwe ndani na nje, taa pia, maji kwa pilote na kopilote, boneti ifungwe na klipu zake mbili zishikwe kwa mkono. Halafu hesabu kle. Zote zilizotoka kwenye boksi zirudi kwenye boksi. Ikipungua moja, gari haiendi mpaka ionekane, ilishawahi kuonekana juu ya ile kinga ya chini ya motere, imelala pembeni ya mkanda wa altaneta.

Gari ikiondoka usikae bado. Tandika upya, jaza bidoni, panga tairi za duru ijayo, andika daftarini kila kitu kilichobadilishwa na kwa kilomita ngapi.

Kama mbio ziko Zambia

Kasumbalesa, pale mpakani, ni kilomita 90 na kitu tu kutoka Lubumbashi, na wenzetu wa Copperbelt wana rali ya miaka mingi, Satwant Singh wa Zambia alichukua ubingwa wa Afrika mara 8. Ukialikwa kwenda, nenda, ukaangalie timu zao zinavyofanya kazi. Saa ni ile ile, haibadiliki. Kinachobadilika ni upande wa barabara: kule wanaendesha kushoto. Kwenye speshali haijalishi, barabara imefungwa, lakini kwenye liezo kuna malori ya shaba, na pilote aliyetoka kwenye speshali kichwa bado kina moto anaweza kurudi kulia bila kujua. Sisi tunabandika mshale mkubwa wa skochi nyekundu kwenye dashibodi, unaoelekeza kushoto, na kopilote anausema kwa sauti kila wanapotoka. Kwa mpakani andika orodha ya kila piesi na kila kle, na namba zake, nakala nne, ya kutokea na ya kurudia, ili vitu vyenu wenyewe msivilipie ushuru mkirudi.

Jioni

Gari ikimaliza inaingia parke ferme (uwanja wa kufungia magari) na hapo hakuna mtu wa timu kuigusa, hata kuipangusa kioo, mpaka waandalizi waifungue. Tumia huo muda kukusanya takataka na mafuta machafu, mnayabeba, hamyamwagi porini.

Mkifika garaji usiku kila mtu atataka kwenda. Fanya vitu vitatu mbele ya kuondoka: kata umeme wa gari, rudisha pini za vizima moto, na zunguka na torshi chini ya gari ukiangalia mistari yako ya rangi ikiwa bado na vumbi. Iliyokatika usiikaze, izungushie duara na uandike daftarini ni ipi, upande gani. Kesho asubuhi shefu ataomba lile daftari mbele ya kuomba chai.